Lori la Obambla na Gari la Deraya

Mpwa wangu ameajiriwa na shirika moja mjini Lodwar, na amepewa kazi ya kusaidia kuchagua gari la deraya la mkubwa wao, anayezunguka sana Turkana Kusini. Alinijia na simu mkononi. "Mjomba, kuna B4 na kuna B6. B4 ni nafuu. Si inatosha?" Nikamuuliza ni nani huko Kainuk atakayemvizia bosi wake kwa bastola. B4 hupimwa kwa risasi za bastola. AK-47 ni habari nyingine, na G3 ya polisi ndiyo zaidi. Hapo ni B6 kwenda juu. Akacheka, kisha akasema neno lililoniudhi: "Lakini nyinyi zamani mlikuwa mnapanda tu gari lolote, sivyo?"

Gari lolote! Sisi watu wa Longech, kule ziwani, tulichagua lori kwa makini kuliko watu wanavyochagua mchumba. Tulivuka hadi Kalokol na marobota ya obambla, samaki waliopasuliwa wakakaushwa kwa jua na chumvi, wengine wakielekea Kitale, wengine Busia na hata Kongo. Malori yakiwa matatu au manne yamepanga foleni, hakuna aliyeuliza nauli kwanza. Uliuliza dereva ni nani, ukazunguka kutazama tairi, kisha ukauliza atafika Kainuk saa ngapi.

Nakumbuka dereva mmoja wa Bedford ya kijani. Ilikuwa 1986, au 1987. Rafiki yangu aliyekuwa utingo wa lori hilo anashikilia kuwa ni kabla ya hapo, maana yeye alikuwa hajaoa. Basi, tuseme ni wakati lami waliyotujengea Wanorwe ilikuwa bado nyeusi. Mzee huyo alivaa kofia ya sufu katika joto la Lodwar, na nyuma ya kiti chake alikuwa amefunga kwa waya majani ya springi kuukuu, yamesimamishwa moja kando ya jingine kama vitabu. Ndani ya mlango wake kulikuwa na kipande kingine cha chuma kizito, hata kuufunga ilibidi aite utingo ausukume kwa nje. Ukimuuliza habari za vyuma hivyo alijibu, "Hivyo ni vya kumtuliza mke wangu."

Yeye mwenyewe aliamini mambo mengine. Kwanza tairi: hakutoka Kalokol na tairi lenye upara, kwa sababu lori linaloendelea kusonga linaweza kuokoka, lakini lililosimama limekwisha. Pili mzigo. Kwenda na samaki hakukumpa wasiwasi mwingi. Harufu ya obambla ilitutangulia hadi kizuizini, ikaingia katika nywele, katika chai, katika noti; polisi walitupungia mkono tupite haraka. Ngoroko gani, yaani jambazi gani wa huko, atakimbilia msituni na robota la samaki? Hatari ilikuwa kurudi, lori likiwa na sukari, unga na pesa za wafanyabiashara. Hapo alingoja msafara, na katika msafara hakukubali kuwa wa mwisho.

Kainuk tulishuka kunywa chai, naye alikwenda kusalimiana na wachungaji. Wengine walidhani anapenda porojo. Kumbe alikuwa akiuliza mbuzi wa nani wanalishwa wapi. Mifugo ikiwa karibu na barabara, na watoto wapo nayo, tulipita. Malisho mazuri yakiwa matupu, tulilala pale pale, hata wenye samaki wanaoanza kulowa umande wakilalamika.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1990 Wanorwe waliondoka, lami ikaanza kumeguka. Kila shimo lililomlazimisha dereva kupunguza mwendo likawa mahali pa kuviziwa. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa, tukaanza kuona Land Cruiser nyeupe zikipita na polisi mbele na nyuma. Mafuta yalipogunduliwa mwaka 2012, magari yakawa mapya na vioo vikawa vyeusi. Mwaka 2016 polisi wakapata magari ya deraya ya VN-4 kutoka China. Mwaka 2018 watu wa Lokichar wakazuia malori yaliyobeba mafuta ghafi, wakisema usalama wao uje kwanza. Niliwaelewa. Huwezi kumwona mtu akisindikiza pipa huku mtoto wako akienda shule peke yake.

Nilimwambia mpwa wangu achague B6, ila asiishie kwenye herufi. Deraya ya namna hiyo huongeza uzito wa zaidi ya tani moja. Kama springi na breki hazikuimarishwa, itazama katika mchanga wa laga ya kwanza, yaani mto mkavu. Aulize kama tairi zake zinaweza kuendelea kukimbia baada ya kutobolewa. Aulize kuhusu vioo: vile vizito vya tabaka nyingi huanza kuachana na kufanya mapovu kwenye jua kali, na kuvibadilisha ni gharama kubwa. Na kipoza hewa kikifa, kioo cha dereva hakishuki vya kutosha kumpa hata pumzi.

Kinachonikera ni hicho kioo. Mkubwa atapita Kainuk akiwa salama, ila hatamwuliza mchungaji lolote. Atasubiri taarifa ofisini. Na kuchagua gari kwa ajili ya usalama, jambo tulilolifanya sote pale Kalokol, sasa limekuwa la wenye bajeti. Mama wa samaki anapanda boda. Wavuvi walioshambuliwa Todonyang Februari 2025 walikuwa na mashua na nyavu. Hakuna B6 ya mashua.

Ndiyo maana nikisikia pesa za kununua deraya, mimi huuliza habari za barabara. Shimo likizibwa, dereva wa bosi hapunguzi mwendo, wala dereva wa obambla, wala kijana wa boda. Chuma kitawakinga watu watano waliomo ndani. Lami nzima inamkinga kila anayepita, na haimwulizi ameajiriwa na nani.