USIOMBE GARI LIZIME SEKENKE!

Kama wewe ni mtoto wa mjini mwenzangu, uliyezoea kuuona mlima kwenye kalenda ya ukutani tu, nakushauri siku moja uchange nauli uende Singida. Usisubiri harusi wala msiba. Nenda tu! Mimi nilikwenda mwezi wa kumi, wakati jua la kule linawaka utafikiri lina kisasi na mtu, nikarudi na magaga ambayo mpaka leo dada yangu ananicheka nayo.

Kisa chenyewe kilianza kijiweni. Kuna mshikaji wangu mmoja hapa Kinondoni, mgonjwa wa sinema za makauboi. Siku hiyo akawa anatutambia kuhusu lile korongo la Marekani kule Arizona, Grand Canyon, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 440, akamalizia kwa dharau kwamba sisi Wabongo tumejaliwa minazi na foleni tu. Nikamwambia, we bwana, Bonde la Ufa limepita wapi, uani kwa bibi yako? Akanijibu kuwa anaijua Oldupai, anaijua na Isimila ya Iringa, lakini hizo ni za watalii na wanafunzi wa historia. Anataka korongo ambalo mtu unaingia mwenyewe, hakuna geti wala tiketi. Tukawekeana dau la kreti ya soda.

Mwenzangu hakujua kama nina siri. Baba yangu mkubwa anaishi Singida mjini, analima alizeti, na zamani alikuwa dereva wa malori. Tangu niko mdogo, jina la Sekenke nimelisikia kwa wakubwa wakilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Basi nikapanda gari alfajiri, kilometa zipatazo 700 hizo, nikashuka jioni mgongo umekufa ganzi. Singida mjini kwenyewe kuna raha yake. Mawe makubwa yamekaa katikati ya nyumba za watu kama wageni waliokataa kuondoka, ziwa Singidani lipo pale pale pembeni, na upepo unavuma kiasi kwamba ukivaa kofia lazima uwe umejipanga. Mama mkubwa alinikaribisha kwa kuku. Kuku wa Singida sina haja ya kukuhadithia, ukimtafuna unajua huyu alikuwa anakimbia.

Nilipomwambia Baba Mkubwa ninataka anipeleke Sekenke, nikashuke korongoni kwa miguu, alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

"Unatafuta nini kule?" aliniuliza.

Nikamwambia habari za lile dau la soda. Hakucheka. Akasema tutaondoka saa kumi na moja asubuhi, na nibebe maji.

Gari lake ni pikapu ya siku nyingi, mlango wa abiria unafungwa kwa kamba ya katani. Tukaingia kituo cha mafuta, na kabla hata muuzaji hajafungua tangi, mzee ameshashuka, ameokota jiwe, ameliweka nyuma ya tairi. Pale ni tambarare kama meza! Tulipofika Iguguno kunywa chai, jiwe tena. Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapochepuka, nikashuka kununua asali, nageuka namwona anahangaika kutafuta jiwe. Nikamtania kwamba gari hili hata ukilisukuma haliendi, litakimbilia wapi? Akanitazama tu. Nami nikajiona mjanja.

Kutoka Singida mpaka Shelui ni kama kilometa 110, na siku hizi ni lami tupu, unateleza. Kando ya njia madumu ya mafuta ya alizeti, vitunguu kwenye magunia, kuku wananing'inizwa kwa miguu, ndiyo soko la huku. Unaenda hivyo hivyo ukiwa juu kwenye uwanda wa Iramba, huna habari, mara ardhi inaisha. Naandika kama nilivyoona: inaisha! Mbele yako hakuna kitu, ni anga, na chini kabisa mbuga ya Wembere imelala mpaka macho yanachoka, ina rangi ya majivu, vumbi linajizungusha lenyewe kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Huo ndio mlima Sekenke. Nikisema mlima, wenyeji wa huku wananielewa, lakini ukweli ni ukingo. Juu kuna uwanda, chini kuna mbuga, na katikati ni ule ufa wenyewe tuliousoma Form Two tukiwa tunasinzia. Ni tawi la Bonde la Ufa, lile la Eyasi na Wembere. Ardhi ya chini ilididimia, ya juu ikabaki, na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka yakawa yanachimba makorongo kwenye huo ukingo yakitafuta njia ya kushuka. Nacho cha kushangaza, maji hayo hayafiki baharini. Yanaingia Wembere, Wembere inamwaga ziwa Kitangiri, Kitangiri linatoka kwa mto Sibiti hadi ziwa Eyasi, na pale yanakwisha kwa jua, inabaki magadi na chumvi. Tone la mvua la Iramba halitaijua Dar es Salaam milele.

Jangwa si jangwa, nisije nikakudanganya. Masika Wembere inajaa maji na pale Shelui watu wanavuna mpunga. Lakini mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ukimwambia mtu hapa ni jangwa hatakubishia.

Tuliacha gari kwenye mji mmoja jirani na barabara (jiwe nyuma ya tairi, kama kawaida) na mwenye mji akatupa kijana wake wa kutuongoza, dogo wa miaka kama kumi na sita hivi, ana fimbo na viatu vya matairi. Mimi nilikuwa na raba zangu nyeupe nilizonunua Karume. Dogo aliziangalia zile raba, akaniangalia mimi, akameza maneno yake.

Njia ya kushukia ni ya mbuzi. Dakika ishirini za mwanzo nilikuwa napiga picha na kuimba. Baada ya hapo nikaacha kuimba. Ukishaingia ndani ya korongo upepo unakatika, joto linatoka juu na kwenye mawe pia, kama umekaa kati ya majiko mawili. Chini ni mchanga mtupu, mto uliokauka, kila hatua unazama. Pembeni kuta za mawe, nyingine zimepasuka utafikiri zimepigwa shoka, na mibuyu imejishikiza kwenye nyufa huko juu kwa mizizi tu. Pimbi wanakuchungulia, ukisimama wanapotea. Sauti pekee ni ya kwato za mbuzi mbali huko, na ya pumzi zako mwenyewe.

Saa nne nilikuwa nimemaliza maji yangu yote, lita moja na nusu. Mzee alikuwa na dumu lake la lita tano ambalo asubuhi nilikataa kumsaidia kulibeba, eti litaniharibia picha. Akaninywesha kidogo kidogo kwa kifuniko, kama mtoto anayeumwa. Msomaji, aibu niliyoisikia, we acha tu.

Dogo akasema maji yapo. Nikatazama huku na huku, nikaona mchanga. Kumbe kwenye kona moja, chini ya jabali, kuna mahali mchanga una rangi nyeusi kidogo. Akapiga magoti akafukua kwa mikono mpaka kiwiko kikazama, akasubiri, na maji yakaanza kujikusanya taratibu, meusi kwanza, halafu meupe. Ile tunashangilia, nyuki! Si wawili, si watatu. Nao wana kiu, na kiangazi hiki hawana pengine pa kunywa. Mimi nikaanza kurusha mikono kama mwanamasumbwi. Baba Mkubwa akanishika bega akanikalisha chini kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. "Tulia. Wamekuja kunywa, hawakukufuata wewe." Tukakaa kama sanamu, wananitembea shingoni, nikawa nasali sala zote ninazozijua na nyingine nikatunga hapo hapo. Tukachota tulivyoweza, tukawaachia shimo lao.

Mbele kidogo nikaona kitu kinang'aa mchangani. Moyo ukalipuka! Nikainama, nikakiweka mfukoni haraka mwenzangu asione. Dogo alikuwa ameshaona. "Kaka, hiyo ni ulanga," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini usinione mjinga sana, maana dhahabu ya Sekenke si hadithi. Mjerumani alifungua mgodi maeneo haya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipopamba moto na Waingereza wakawa wamemfungia bahari, akaishiwa fedha za kulipana, basi mwaka 1916 pale Tabora, kwenye karakana ya reli, zikagongwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke. Leo matajiri wa Ulaya wananunuliana hizo sarafu kwenye minada. Huku kwenyewe wachimbaji wadogo bado wanahangaika na masururu yao.

Tulipofika mahali korongo linapopinda, Baba Mkubwa alisimama. Juu yetu kulikuwa na kipande cha njia ya zamani, ile ya vumbi iliyotumika kabla ya lami kufika miaka ya 2000. Imemomonyoka, majani yameota katikati, ukiiona utajiuliza lori lilipita vipi.

"Hapa," akasema.

Nilifikiri anataka kupumzika.

Ilikuwa mwaka 1994. Alikuwa anatoka Mwanza na shehena ya dagaa, anapandisha kwenda Dar. Zamani hizo, alinieleza, lori likipandisha Sekenke tingo hakai ndani. Anatembea kwa miguu nyuma ya gari na gogo mkononi, gari likichoka na kuanza kurudi nyuma, anaruka anaweka gogo chini ya tairi. Dereva anapumua, injini inapoa, mnaanza tena. Kupanda kipande kidogo tu mnatumia nusu siku. Tingo wake alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mpiga mluzi, anapiga mluzi mpaka kwenye usingizi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku. Gari likazima, breki hazikushika. Kwenye kioo mzee alimwona kijana anaruka na gogo lake kama siku zote, halafu hakumwona tena. Lori liliburuzika likakwama kwenye jiwe kubwa ukingoni. Yeye alitoka bila mkwaruzo hata mmoja.

"Gogo lilikuwa limelowa," akasema. "Nilimwambia asubuhi tutafute lingine. Akasema hili linatosha baba, tutachelewa. Nikamwachia."

Jina la huyo kijana alinitajia, akaniomba nisiliandike gazetini kwa kuwa mama yake yu hai. Tangu mwaka uliofuata hajaendesha lori. Shelui kwenda kuuza alizeti zake humtuma mtu. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga pale, mpaka mtoto mmoja wa Kinondoni alipokuja na habari za kreti ya soda.

Sikuwa na neno. Dogo naye alikuwa amevua kofia. Mzee akamimina maji kidogo mchangani, akakaa juu ya jiwe, akatazama ile njia kwa muda mrefu, halafu akauliza kama kuna mtu ana njaa. Tukala mihogo ya kuchemsha na asali ya Misigiri, tukiwa tumekaa kivulini, na alianza kutusimulia vituko vya yule tingo, jinsi alivyowahi kuuza viatu vya dereva wake Igunga ili wapate nauli ya kumtibu kuku waliyempakia njiani. Alicheka mpaka machozi. Sijui yalikuwa ya kicheko peke yake.

Kupanda kurudi ilituchukua saa tatu. Dumu nililibeba mimi, na koti lake pia. Raba zangu nyeupe zilifia njiani, soli ya kulia ilibaki na Wanyiramba. Mzee alikuwa anasimama kila baada ya hatua ishirini, anahema, na mimi nikawa nasimama nyuma yake, si mbele.

Ile kreti ya soda nimelipwa nusu tu, mshikaji anadai picha hazionyeshi kina.

Tukirudi Singida jioni ile tulisimama tena Misigiri, alitaka kununua vitunguu vya nyumbani. Kabla hajafungua mlango nilikuwa nimeshashuka, naangaza macho pembeni ya lami. Nikaokota moja, nikaliweka nyuma ya tairi. Akachungulia dirishani.

"Hilo dogo hilo," akasema. "Tafuta jingine."