Je, Watakaookoka Ni Wachache?



Mtakatifu Luka, katika sura ya 13 ya Injili yake, anatusimulia kwamba Yezu alipokuwa safarini kwenda Yerusalemu, mtu mmoja alimwuliza kama watakaookoka ni wachache. Swali hilo lingali hai katika vikundi vyetu. Kijana mmoja anauliza habari za babu yake aliyefariki bila ubatizo. Mwingine anauliza habari za rafiki aliyeingia msituni pamoja na wenye silaha, akafa huko bila padri wala kitubio. Mwingine amemsikia mhubiri njiani akitangaza kwa kipaza sauti kwamba wote wasiosali pamoja naye wamekwisha kupotea, naye akakosa usingizi. Tusiwakemee wanaouliza hivyo. Mara nyingi anayeuliza hesabu ya waliopotea ana jina la mtu mmoja moyoni.

Walimu wakubwa wa imani nao walihangaika na swali hili. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliona kwamba wengi wanabaki katika hukumu ya dhambi ya Adamu, na wachache wanaokolewa kwa huruma. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, naye alidhani kwamba wanaookoka ndio wachache. Eklezia iliwaheshimu walimu hao, lakini haikuyafanya maoni hayo kuwa fundisho la imani. Tena, walipotokea watu waliodai kwamba Kristu alikufa kwa ajili ya wateule peke yao, Papa Inosenti wa 10 alilihukumu fundisho hilo mwaka 1653. Vilevile Eklezia ilikataa, tangu karne ya 6, wazo kwamba mwishowe wote watarudishwa kwa Mungu, hata shetani.

Tuangalie basi jinsi Bwana mwenyewe alivyojibu. Aliulizwa juu ya wengine, akajibu akisema na wale waliokuwa mbele yake: wajitahidi kuingia kwa mlango ulio mwembamba. Idadi hakuitaja. Sisi tuliolelewa katika kazi ya ualimu tunaifahamu njia hiyo ya kujibu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anapouliza ni wangapi watakaofaulu mtihani wa Serikali, mwalimu mwenye busara humwambia afungue daftari lake. Hata hivyo mfano huu una mpaka. Mtihani hushindwa kwa nguvu za mwanafunzi, lakini wokovu ni neema: tunaipokea kwanza, ndipo tunapoweza kujitahidi. Wala mbinguni hakuna viti vilivyohesabiwa, hata mmoja akiingia mwingine akose. Kitabu cha Ufunuo kinatuonyesha umati wa watu wa kila taifa na kila lugha, ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu.

Tusome pia yanayofuata katika sura hiyo ya Luka, kwa maana yanatugusa sisi tulio karibu na altare. Wanaobisha hodi baada ya mlango kufungwa wanamjua mwenye nyumba. Wanajitetea kwamba walikula na kunywa mbele yake, na kwamba alifundisha katika njia zao. Leo tungesema: tuliimba katika kwaya, tulivaa kitenge cha shirika, majina yetu yameandikwa parokiani. Naye anawajibu kwamba hajui watokako. Wakati huohuo watu wanafika kutoka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, wanaketi mezani. Basi anayewahesabu waliopotea huku akijiweka upande wa waliookoka, na ajihadhari.

Na babu yule? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, unafundisha kwamba mtu asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, anaweza kuokoka. Anayemwokoa ni Kristu yuleyule, hata kama hakulijua jina lake.

Na rafiki yule wa msituni? Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inasema kwamba Mungu hampangii mtu yeyote kwenda motoni. Huenda huko yule anayemkataa Mungu kwa hiari yake na kushikilia kukataa huko mpaka mwisho. Jambo hilo linawezekana kweli, wala hatuna ruhusa ya kuwaficha, kwa sababu upendo haumburuti mtu kwa nguvu. Lakini ni nani aliyeyaona yaliyopita kati ya kijana huyo na Mungu katika pumzi yake ya mwisho? Ndiyo maana Eklezia, iliyokwisha kuwatangaza watakatifu kwa maelfu, haijapata kumtangaza mtu yeyote, kwa jina lake, kuwa amepotea.

Hapa kwetu Kongo tunaye Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana mlei aliyefanya kazi kwenye shamba la kampuni ya wakoloni. Alipigwa kikatili kwa sababu ya skapulari yake na imani yake, akafa kwa vidonda hivyo tarehe 15 Agosti 1909. Alikuwa na haki, kama tunavyopima sisi, ya kumhesabu Mzungu aliyemwamuru apigwe kati ya waliopotea. Yeye alimsamehe, akaahidi kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Wapenzi vijana, wengi wetu tunaposali rozari huongeza, mwishoni mwa kila fumbo, ile sala iliyotoka Fatima mwaka 1917, tukimwomba Yezu aziongoze roho zote mbinguni, hasa zile zenye kuhitaji zaidi huruma yake. Eklezia haituambii tuombe jambo tusiloruhusiwa kulitumaini. Basi kila mmoja, atakapofika kwenye maneno hayo, alitaje kimoyomoyo lile jina alilo nalo. Kama mwenye jina hilo angali hai, baada ya rozari aende kumtembelea.