Pointi za Dada na ile keshi ya Machi

Habari hii nimeikalia muda mrefu. Kila nikitaka kuiandika naiacha, kwa sababu inanihusu mwenyewe na inanisuta. Lakini juzi mwenzangu mmoja kazini kaniuliza, "Hivi hao ndugu zenu wa Marekani wanapataje tiketi za bure?" Nikacheka, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya, majibu yenyewe ndiyo haya. Kaa kitako.

Dada yangu mkubwa anaishi Silver Spring, Maryland, jirani kabisa na Washington. Ni mbeba boksi, kama tunavyopenda kuwaita sisi tuliobaki Bongo, ingawa maboksi yake ni watu: anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawageuza, anawaogesha, anawalisha. Januari 2024 alinipigia WhatsApp usiku wa manane. Nikashtuka, maana simu ya saa hizo kwetu huwa haina heri.

"Mdogo wangu, wewe si ndiyo msomi wa familia? Nakutumia jedwali langu unipitie hesabu. Mwaka huu nakuja nyumbani na mtoto, na nauli yangu sitaki kuilipa kwa fedha."

Nikadhani ananitania. Dakika mbili baadaye likaingia faili la Excel. Miezi kumi na miwili imepangwa kushuka chini, kadi tatu za mkopo zimepangwa kwenda kulia, na kila kisanduku kimejazwa. Ndugu zangu, nimewahi kuandika habari za bajeti ya serikali, lakini jedwali lile lilinitoa jasho.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Wenzetu kule kadi ya mkopo ukinunulia kitu, benki inakurudishia sehemu kidogo, ama kwa fedha ama kwa pointi. Mambo haya yana historia. Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa kuwahesabia abiria maili wanazosafiri na kuwazawadia tiketi. Mwaka 1986 kampuni ya maduka ya Sears ikaingiza sokoni kadi ya Discover, iliyomrudishia mteja fedha kidogo kwa kila manunuzi. Mwaka 1987 Citibank ikaungana na American, na kuanzia hapo mtu akawa anakusanya maili akiwa amesimama foleni ya kununua maziwa, hata ndege hajaiona.

Sasa turudi kwa Dada. Hatua yake ya kwanza haina ujanja wowote: aliandika matumizi ambayo angeyafanya hata kama kadi zisingekuwepo. Chakula dola 500 kwa mwezi, mafuta ya gari 180, simu na intaneti 130, nguo na mahitaji ya mtoto 240. Jumla 1,050. Pango hakuliweka, kwa sababu mwenye nyumba wake anatoza karibu asilimia 3 kwa anayelipa kwa kadi, na hakuna pointi zinazofidia hilo.

Hatua ya pili ni kuipa kila kadi kazi yake. Ya kwanza inarudisha asilimia 6 za manunuzi ya chakula, mwisho dola 6,000 kwa mwaka, lakini ina ada ya dola 95. Nikapiga hesabu: asilimia 6 za dola 6,000 ni 360, ukitoa ada zinabaki 265. Kadi ya kawaida isiyo na ada, inayorudisha asilimia 2, ingempa 120. Basi ada inajilipa. Angekuwa anakula chakula cha dola 150 kwa mwezi, ada ile ingemla yeye. Kadi ya pili inarudisha asilimia 5, ila kila miezi mitatu wanabadilisha aina ya manunuzi yanayohusika: mara mafuta ya gari, mara migahawa. Ya tatu ni hiyo ya asilimia 2 kwa yote yaliyobaki.

Hatua ya tatu ndiyo yenye nyama. Benki zikitaka mteja mpya humwekea chambo. Mwezi Februari Dada alipanga kuomba kadi ya nne, yenye masharti kwamba ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu unapewa pointi 60,000. Hapo ndipo wengi huumia. Mtu anaona imebaki dola 400 kutimiza lengo, anakwenda kununua televisheni asiyoihitaji. Dada alichofanya ni hiki: miezi mitatu mara 1,050 ni 3,150. Bima ya gari yake ni dola 900 kwa miezi sita, na huwa anailipa kwa mafungu. Safari hii akapanga kuilipa yote kwa mkupuo ndani ya ile miezi mitatu. Jumla 4,050. Lengo limetimia na hajanunua hata kijiko cha ziada. (Ndiyo, miezi ile mitatu alipoteza zile asilimia 6 za chakula, yaani dola 90. Nilimwonyesha nikijiona nimegundua jambo. Akanijibu, "Nishaitoa, angalia safu ya mwisho.")

Akiba ya pointi aliyokuwa nayo ilikuwa 31,000. Jumlisha bonasi 60,000 na 4,050 za matumizi yenyewe, unapata 95,050. Siti ya Ethiopian kutoka Washington kupitia Addis Ababa hadi Dar, kwenda na kurudi, tuliiona kwa pointi 88,000 kupitia shirika mshirika, na kodi isiyofika dola 150. Tiketi ya mtoto angelipa fedha taslimu, akisaidiwa na karibu dola 350 ambazo kadi nyingine zingemrudishia mwaka mzima.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahia kama mchezo wa bao. Ndipo nikateremka hadi chini kabisa ya jedwali, kwenye safu aliyoiita "Makosa". Kulikuwa na mstari mmoja tu: "Machi 2021. Keshi 800. USIRUDIE."

Nikamuuliza, "Hii nini?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Ile ya Baba," akasema.

Machi 2021 nilikuwa chuoni, mwaka wa tatu. Baba alilazwa, na hospitali ikataka milioni nne na laki sita kabla ya upasuaji. Mimi ndiye niliyempigia Dada. Nakumbuka hata maneno yangu: "Dada, kwako hizo ni dola elfu mbili tu." Hilo neno "tu" nimelirudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile ya jedwali. Kesho yake fedha ziliingia. Hatukuuliza zimetoka wapi. Marekani si kuna fedha?

Kumbe akiba yake yote ilikuwa dola 1,200. Dola 800 zilizobaki alizitoa kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, ile moja aliyokuwa nayo. Na hapa, wewe unayetamani kadi hizi, sikiliza vizuri. Ukinunua kitu kwa kadi ya mkopo na ukalipa deni lote kwa tarehe yake, hulipi riba. Ukichomoa keshi, mambo ni mengine. Alikatwa ada ya asilimia 5, yaani dola 40, papo hapo. Riba ya asilimia 27 kwa mwaka ikaanza kuhesabiwa siku ileile, bila siku hata moja ya nafuu. Na pointi hupewi hata moja. Alilipa dola mia mia kila mwezi hadi Januari 2022. Nilipopiga hesabu, ada na riba ya keshi ile peke yake ilifika dola 142. Mwaka ule mzima alikuwa amekusanya pointi 9,800, ambazo ukizigeuza fedha ni dola 98. Mwaka mzima wa kuhesabu senti, na bado mwenye kadi ndiye aliyedaiwa.

Baba alifariki siku kumi na tisa baada ya upasuaji. Tulimzika Muheza. Dada hakuja.

Nitasema ukweli kwa sababu bila huo makala hii haina maana. Nilimkasirikia. Siku ya arobaini, mbele ya mashangazi, nilitamka kwamba huyo keshakuwa Mmarekani, msimhesabu. Watu wakaguna kukubali. Nilikaa miezi minane simpigii, na akipiga yeye namjibu kwa mkato. Kumbe nauli ya haraka siku zile ilikuwa dola 1,900. Kadi yake ilikuwa na ukomo wa dola 2,500; mia nane nilizichukua mimi, na mia tisa zilikuwa deni la mahitaji yake. Mwisho wake ulikuwa pale. Fedha za kuja kumzika Baba ndizo tulizozitumia kujaribu kumwokoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyezihesabu mara mbili. Yeye ndiye aliyezihesabu, peke yake, akanyamaza.

Hayo ndiyo yaliyolizaa lile jedwali. Yule mwenzangu wa kazini aliyedhani ni watu wajanja wanaopenda vya bure, nadhani sasa ananielewa.

Na kuhusu hicho cha bure. Dukani hakuna kinachotoka hewani. Kila kadi inapopitishwa, mwenye duka anakatwa asilimia kadhaa, na mwenye duka si mjinga, anaiingiza kwenye bei. Bei ile analipa kila mtu, hata mwenye keshi mkononi. Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walikadiria kwamba, kwa wastani, kaya inayolipa kwa keshi inachangia dola 149 kwa mwaka kwenda kwa wenye kadi, na kaya yenye kadi inapokea dola 1,133 kutoka kwa wanaolipa keshi. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ambayo benki ya mwenye kadi ya mkopo inapata, na ndiyo maana huko pointi ni haba. Ongeza wale wenye madeni: riba ya kadi Marekani inazidi asilimia 20 kwa mwaka, na fedha hizo nazo zinasaidia kulipia bonasi za wenzao.

Nilimsomea Dada takwimu hizo, nikidhani atabisha. Akasema, "Miaka miwili ya mwanzo sikuwa na rekodi ya mkopo, hakuna benki iliyonitaka. Nilikuwa nalipa keshi kila mahali. Kwa hiyo tiketi hii nilianza kuilipia zamani." Sikuwa na la kuongeza.

Mpango ulikwenda karibu kama ulivyoandikwa. Bonasi iliingia Juni. Hakuhamisha pointi kwenda shirika la ndege mpaka alipoiona siti kwa macho yake, kwa sababu ukishazihamisha hazirudi. Siti za Desemba zilikuwa chache, akabahatika ya tarehe 3. Ile kadi mpya aliiandikia tarehe ya kuamua, mwezi mmoja kabla ya ada ya mwaka wa pili, kama inabaki au inafungwa. Na kila kadi ameiamuru ilipe deni lote yenyewe kutoka benki kila mwezi. Anasema hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Asiyeiweza aachane na pointi kabisa, atembee na kadi ya kawaida.

Desemba 2024 nilimpokea uwanja wa Julius Nyerere. Siku ya tatu tukapanda basi kwenda Muheza. Tulisoma dua, mama akiwa kakaa kwenye mkeka, mtoto akiuliza babu yuko wapi. Wengine walipotangulia nyumbani nilimwomba Dada radhi. Sikutaka kufanya hivyo kwa simu. Nilimwambia na maneno niliyoyatamka siku ya arobaini, yote.

"Najua," akasema. "Shangazi alinipigia jioni ileile."

Miaka mitatu na zaidi anajua, na bado alinitumia jedwali mimi nimpitie hesabu.

"Ungejuaje, mdogo wangu," akaendelea. "Hata mimi sikujua nimeingia wapi mpaka ankara ilipokuja."

Basi mwenzangu, jibu lako ndilo hilo. Tiketi ya bure inapatikana kwa kupanga mwaka mzima, kulipa deni lote kila mwezi na kutogusa keshi ya kadi. Mimi kadi ya mkopo sina. Nilichochukua kwenye jedwali lile ni kimoja. Siku hizi nyumbani kukitokea shida na kikao kikasema "mpigieni Dada," simu naishika mimi, na kabla ya kutaja kiasi namuuliza kwanza: "Ukitoa, itatoka wapi?"