Triga Laini Si Zawadi, Cuzo

Wasee, leo si simu wala kamera. Leo ni bastola, na kabla mtu aniite jambazi kwa komenti: si yangu. Hapa Kenya silaha ni mpaka upitie Bodi ya Leseni za Silaha, na mimi hata leseni ya gari bado natafuta. Ni ya cuzo wangu aliye Texas.

Huko mambo ni tofauti. Mkazi anaweza kumuuzia mkazi mwenzake bastola bila mtu yeyote kukagua rekodi zake, na tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu, asiye na marufuku ya kisheria, anaibeba bila kibali. Cuzo anapiga shifti ya usiku, anaogopa, akajinunulia moja ya mkono wa pili. Ni ya muundo ule wa Glock. Jina la kampuni halina kazi hapa. Akanitumia voisi anacheka: "Buda, triga yake ni tamu! Ukigusa tu imeenda."

Mimi sikucheka. Niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, lakini mashine kuna vitu inakuambia kwa kidole kabla ya kukuambia kwa sauti.

Sikia. Muundo wa Glock hauna ile sefti unayosukuma kwa kidole gumba. Ulinzi uko wa aina tatu, na wote unaachia mmoja baada ya mwingine kadiri unavyovuta triga. Kwa hivyo uzito wa triga si usumbufu, ni sehemu ya ulinzi. Ikiwa ya kawaida, unavuta kidogo bila upinzani mkubwa, unafika mahali unahisi kama umegonga ukuta, unaongeza nguvu, inaachia. Kutoka kiwandani ni kama kilo mbili na nusu. Ukilegeza kidole pole pole, triga inarudi na "tik" unayoisikia na kuihisi.

Nikamuuliza: ukuta uko wapi? Kimya. Halafu, "Ukuta gani?"

Hapo ndipo mtu hupambanua. Triga inayokwaruza kama ina mchanga, mara nyingi ni uchafu, mafuta yaliyoganda, au chuma chenye makali mahali kinasuguana. Hiyo unasafisha kwanza ndio uanze kuogopa. Isiyorudi mbele, shuku springi. Lakini iliyo nyepesi kupita kiasi na haina ukuta? Uchafu haufanyi hivyo. Hapo kuna mtu amefungua ndani akabadilisha springi au akasugua vyuma ili iwe "smooth". Ni ule ufundi wa YouTube tunaoujua, wa msee kukata springi za gari ili likae chini, halafu analiuza na wewe ndiye unakutana na matuta.

Nikamwambia kitu kimoja tu cha kufanya mwenyewe: atoe magazini, avute slaidi nyuma, aangalie chemba kwa macho na aguse kwa kidole. Mara mbili. Mpangilio ni huo huo, kwa sababu ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, unapakia risasi nyingine. Na asifungue chochote, maana bastola za muundo huu lazima ubonyeze triga ndio zifunguke, na watu wameshajipiga risasi hapo wakidhani wanasafisha. Mengine ampelekee fundi wa bunduki.

Marafiki zake wakamcheka. Eti triga nyepesi watu hulipia, yeye ameipata bure. Ni kweli, kwenye mashindano watu hulipia. Lakini yule anapiga karatasi mchana, ametulia, bastola iko mkononi tangu mwanzo. Cuzo anaichomeka kiunoni akipanda gari saa saba usiku. Ukiwa na hofu kidole hakihisi vitu vidogo, na kamba ya jaketi haihisi chochote kabisa. Hata kampuni kubwa zinajua uzito huu ni suala zito: Agosti 2017, SIG Sauer walitangaza mpango wa hiari wa kubadilisha sehemu za P320 baada ya kugundulika inaweza kufyatuka ikianguka, na kati ya sehemu walizoweka ni triga nyepesi zaidi kwa gramu, ili isijisukume yenyewe kwa uzito wake. Kwa hivyo si hisia zangu za kijana wa Nairobi.

Fundi alipima mara kumi akatafuta wastani. Haikufika hata kilo moja na nusu. Ndani, springi si za kiwandani, na kipande kinachoamua triga iachie wapi kilikuwa kimesuguliwa mpaka kona yake imekuwa duara. Alirudisha sehemu za asili zote, na vile vya zamani akampa cuzo kwenye mfuko mdogo.

Sasa analalamika ni nzito. Jana amenitumia voisi nyingine, eti kidole kinachoka. Nimemjibu kwa emoji ya kidole gumba.