Lupita na Mabinti Zetu wa Jukwaani

Nilipoanza kufundisha Kiswahili na kulea chama cha drama katika shule ya wasichana, miaka ya tisini, mzazi akisikia bintiye anaigiza alikuwa na swali moja tu: hiyo itamlisha? Uigizaji wenyewe tuliupenda. Vitimbi ikianza, nyumba nzima ilikusanyika mbele ya televisheni kumngoja Mama Kayai. Ila tulimchukulia kama mtu aliyezaliwa hivyo, mcheshi wa Mungu. Kwamba nyuma ya kicheko kile kulikuwa na mazoezi na ufundi, hatukuwaza. Msichana mwenye akili alielekezwa kwenye udaktari au uwakili, na jukwaa likaachwa kuwa la tamasha za shule.

Lupita Nyong'o alikulia Nairobi siku hizo hizo. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, kisha wazazi wake wakarudi naye nyumbani. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare na kikundi cha Phoenix Players, kilichokuwa na ukumbi mdogo katikati ya jiji. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa nchini, alikuwa miongoni mwa vijana wa kutumwatumwa nyuma ya kamera. Mwaka 2009 alitoa In My Genes, filamu yake kuhusu Wakenya wenye ualbino, na mwaka huo huo wanafunzi wangu wakamjua kama Ayira wa tamthilia ya televisheni ya Shuga. Angeweza kutulia hapo, sura yake ikiwa tayari kwenye televisheni. Badala yake alikwenda Marekani kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012.

Matunda ya masomo hayo tuliyaona katika filamu ya 12 Years a Slave. Kuna tukio ambalo Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, anarudi kutoka shamba la jirani na kumkuta bwana wake Epps amefura kwa wivu. Patsey anamwonyesha alichokifuata: kipande cha sabuni, kwa sababu bibi wa nyumba anamnyima hata cha kuogea. Anaanza kwa woga, maneno yakikatika. Kisha uchungu unampanda hadi anasema yote, akijua kuwa mjeledi unamsubiri. Pumzi yake ndiyo inayolibeba tukio zima. Nilikuwa nimewaambia wasichana wangu kwa miaka kwamba mwigizaji huanza kwa pumzi kabla ya neno, na sasa nilikuwa na mfano wa kuwapa.

Tarehe 2 Machi 2014 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Shangwe ilitanda nchi nzima. Ila kilichonigusa zaidi ni alichofanya baadaye. Alirudi jukwaani. Tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira, kuhusu wanawake walionaswa katika vita vya Liberia, aliijua tangu Yale, alikokuwa mwigizaji wa akiba asiyepata zamu. Mwaka 2015 aliiigiza New York, na mwaka uliofuata ikapanda Broadway na kumpatia uteuzi wa tuzo ya Tony. Filamu za Queen of Katwe, Black Panther na Us zilimfikisha kwa watu wengi zaidi, lakini ni Eclipsed iliyotuonyesha kuwa mshindi wa Oscar bado anahitaji mazoezi ya kila usiku mbele ya watu.

Siku hizi mzazi akinijia, anauliza mtoto asomee wapi, ada ni kiasi gani, nani atamfundisha sauti. Mtaala mpya nao umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika shule za sekondari ya juu. Swali la kulishwa halijaisha, na ni haki ya mzazi kuliuliza, lakini sasa linaulizwa kama linavyoulizwa kuhusu kazi nyingine yoyote.

Tatizo ni kumbi. Ule wa Phoenix alioanzia Lupita haupo tena, na shule nyingi bado hufanyia mazoezi kwenye bwalo, meza zikiwa zimesukumwa kando. Ninawaomba viongozi wa kaunti: kila mnapotenga fedha za uwanja wa michezo, tengeni pia za ukumbi wa maigizo. Nanyi wazazi, binti akisema ana onyesho Ijumaa, nendeni mkamtazame.