Ati Risasi Haifiki Huku?

Saba Saba ya 2025 tulikuwa juu ya ploti yetu hapa Kinoo, tukitazama moshi ukipanda upande wa Waiyaki Way. Milio ikaanza. Nikasema tushuke. Jirani akacheka: "Wewe bana, hiyo iko mbali, haiwezi fika huku."

Wasee, tuanze na ile ndogo kabisa, ya .22, ambayo watu hulengea shabaha. Unene milimita 5.6, uzito gramu 2.6 hivi. Inatoka kwa mtutu na kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, na kweli inachoka haraka. Lakini mtutu ukiinuliwa kidogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Boksi zake zenyewe huwa na onyo hilo. Tena mara nyingi ni madini laini ya risasi (jina lenyewe lilitoka hapo), ikigonga jiwe inaruka kando. Hata ikiwa imechoka bado inapasua ngozi, na haiulizi kama ulikuwa kwa maandamano ama ulikuwa unaanika nguo.

Hiyo ni ya kulengea makopo. Za bunduki za polisi zina uzito kama mara tatu, na kasi karibu mara mbili.

Siku hiyo hiyo, Ndumberi kule Kiambu, msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa nyumbani kwao. Ilipitia kwa paa.

Jioni nilimtumia jirani hiyo habari. Alijibu tu "aki". Maandamano yakianza siku hizi, hapandi juu tena.