Matope ya Amani na swali la maji

Likizo ikifika, wazazi wengi wa Handeni na Korogwe huwapeleka watoto Tanga mjini wakaone bahari. Si vibaya. Lakini kabla ya kufika huko, pale Muheza kuna njia ya kupanda milimani, kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Ilitangazwa mwaka 1997 na inagusa wilaya za Muheza na Korogwe.

Anayetoka Handeni hupita Mkata hadi Segera, na wa Korogwe hukutana naye hapo. Kwa watoto ni vizuri kulala Muheza na kupanda asubuhi. Lango la Zigi ndipo mnapolipia kiingilio na kupewa mwongozaji.

Sisi tulikwenda Jumamosi moja ya Novemba, wakati wa vuli. Njia ya msituni ilikuwa tope tupu. Watoto wanne, wote na mabuti ya mvua, walishikana mikono kwenye miteremko. Wa kwanza kuteleza alichekwa, wa pili akachekwa zaidi, baadaye hakuna aliyehesabu.

Tulipofika kwenye dimbwi, vyura wakanyamaza ghafla. Mwongozaji akatuambia tuchuchumae, tusiseme neno. Baada ya muda akaanza chura mmoja, akajibiwa na mwingine, mara bwawa zima likawa kelele. Mtoto wa miaka minne alikaa kimya muda wote huo, jambo ambalo nyumbani hatujawahi kuliona. Njiani tukaonyeshwa kinyonga dume mwenye pembe tatu.

Binti wa dada yangu amekulia Handeni, anajua foleni ya madumu. Aliuliza, "Shikamoo babu, haya maji yote yanakwenda wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu," alijibu mwongozaji. Akachukua konzi ya majani yaliyooza, akayakamua, maji yakatiririka. Akaeleza kwamba majani na mizizi hushika mvua na kuiachia kidogo kidogo, ndiyo maana Mto Zigi hupeleka maji bwawa la Mabayani, na watu wa Tanga mjini wakanywa.

"Na ya kwetu?"

Ya Handeni huletwa kwa bomba kutoka Mto Pangani. Mto huo huanzia Kilimanjaro na Meru, na huongezewa na mito ya Usambara, ukiwemo Luengera unaopita Korogwe. Misitu ya huko juu ikiisha, foleni ya madumu itarefuka. Binti aliyaangalia yale majani, kisha akayarudisha chini ya mti.

Mzazi ukienda, beba nguo za kubadilisha na chakula cha kutosha. Kwenye madimbwi mshike mtoto mkono, maana kingo zinateleza. Na mkirudi mabondeni, usimwache aoge kwenye malambo yaliyotuama, kwani kichocho kipo. Masika, kati ya Machi na Mei, ulizia kwanza hali ya barabara.